Sura Moja kwa Siku: Mwongozo wa Mwezi Mzima wa Kujifunza Kuchora Nyuso za Watu

Wengi wanaoanza zoezi la kuchora sura moja kila siku humaliza mwezi wakiwa na nyuso 30 zenye kasoro ileile. Macho yalipanda juu kwenye paji la uso tangu siku ya kwanza, na siku ya mwisho bado yako hukohuko, ila sasa yamechorwa kwa haraka na kwa kujiamini zaidi. Mkono hurudia ulichozoea. Ukiupa kazi kila siku bila kuukagua, unaukomaza katika kosa.

Ndiyo maana zoezi ninaloeleza hapa linakwenda kwa maswali. Kila wiki ina swali moja tu, na kila mchoro wa wiki hiyo unajaribu kulijibu. Mengine yaache yaharibike. Wiki ya vipimo, kivuli hakikuhusu. Wiki ya kivuli, usihangaike kama mdomo haukufanana. Kusema ni rahisi, lakini kila mtu hutaka mchoro wa leo uwe wa kuweka kwenye status ya WhatsApp, na tamaa hiyo ndiyo huharibu mazoezi mengi.

Mazoezi ya kila siku yapo mengi mtandaoni. Linalojulikana zaidi ni Inktober, lililoanzishwa na mchoraji Mmarekani Jake Parker mwaka 2009: mchoro mmoja wa wino kwa kila siku ya mwezi wa Oktoba. Linajenga mazoea, sikatai, lakini mada hubadilika kila siku. Anayetaka kuzijua sura inabidi akae na sura.

Mpangilio wa siku 30

Siku ya 1 unachora mtu mmoja ambaye una hakika utampata tena baada ya mwezi: dada yako, jirani, fundi cherehani wa mtaani. Mchore bila msaada wowote, dakika 40, kwa namna unayoijua. Andika nyuma ya karatasi tarehe, saa, na mahali alipokaa. Kisha weka mbali, usiuguse.

Siku ya 2 hadi ya 29 ni wiki nne za maswali: vipimo, mwanga, viungo vya uso, halafu kasi na kufanana. Siku ya 30 unamrudia yule mtu wa kwanza, kwenye kiti kilekile, saa ileile, kwa dakika zilezile 40.

Siku za kawaida, dakika 20 zinatosha. Weka kengele ya simu, na ikilia acha, hata kama sikio moja halipo. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumapili, kwa sababu jicho husahau upesi. Siku ukiikosa, usichore mbili kesho yake kulipia deni. Endelea tu ulipofika, mwezi utachukua siku 33 na hakuna polisi atakayekuja.

Siku ya mwisho ya kila wiki ina kazi ya pekee: unachora kwa kumbukumbu. Chagua mtu uliyemchora wiki hiyo, funga daftari, mchore bila kumwona. Mchoro utatoka mbaya na ndivyo unavyotakiwa, maana pale unapokwama ndipo pale ambapo hukuwahi kutazama. Jambo hili lina historia hapa kwetu Uganda. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa akiwasimulia wanafunzi kisa au tukio, nao wakachora walichokiona kichwani. Cecil Todd aliyemrithi alitilia mkazo zaidi nidhamu ya kuchora kwa kutazama. Wanasanaa bado hubishana nani alikuwa sahihi. Kwa kazi ya sura, mimi nasema unahitaji wote wawili: siku sita za Todd, siku moja ya Trowell.

Vifaa, bila kufilisika

Penseli tatu zinatosha: HB, 2B na 6B. Kadiri namba ya B inavyopanda ndivyo risasi inavyokuwa laini na nyeusi. Ongeza raba laini na wembe wa kuchongea, kwa sababu kichongeo cha dukani hutoa ncha fupi na wewe unahitaji ndefu, inayoweza kulala ubavu na kupaka eneo pana. Kalamu ya biro nayo ni kifaa halali. Haifutiki, kwa hiyo inakulazimisha kutazama kabla ya kugusa karatasi.

Kwa karatasi, aliye Kampala ana bahati. Mtaa wa Nasser, kwenye matbaa, kila siku hubaki vipande vilivyokatwa pembeni mwa karatasi kubwa. Ongea vizuri na vijana wa mashine ya kukatia, watakufungia rundo kwa bei ndogo. Omba zile nene kidogo zisizong'aa, kwani karatasi inayong'aa haishiki penseli. Aliye Arua, Mbale au Busia atumie daftari lisilo na mistari. Na popote ulipo, nunua bahasha kubwa za kaki. Zifungue kwenye gundi uzitandaze, tayari una karatasi ya hudhurungi ambayo tutaihitaji sana wiki ya pili. Chaki nyeupe ya shule itafanya kazi ya penseli nyeupe kama hujaipata. Ina vumbi, lakini inatosha.

Mkaa wa kuchorea unaweza kuutengeneza nyumbani. Tafuta kopo la bati lenye mfuniko wa bati, kama yale ya kakao. Toboa mfuniko tundu moja kwa msumari. Kata vijiti vikavu vya mti laini, unene wa penseli, uvimenye ganda, uvipange ndani vikiwa vimesimama na vimebanana. Funga, weka juu ya sigiri yenye moto mzuri. Baada ya muda moshi utaanza kutoka tunduni, kwanza mweupe na mzito, kisha mwembamba. Moshi ukikoma kabisa, epua kopo, uliache lipoe lenyewe. Usilifungue kwa pupa: mkaa wa moto ukikutana na hewa huendelea kuungua na utakuta majivu. Kijiti kilichoiva huvunjika kwa mlio mkavu na ni cheusi hadi katikati. Kikiwa na kahawia ndani, kirudishe motoni.

Utamchora nani?

Kioo ndicho mwalimu wa kwanza. Uso wako hauchoki, hauombi malipo, na upo hata saa sita usiku. Lakini ukichora uso wako mwezi mzima utajua uso mmoja.

Sehemu bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni saluni ya kusuka. Anayesukwa rasta ndogondogo hukaa saa tatu au nne, kichwa kimeshikwa, na amechoka kuangalia simu. Mara nyingi atafurahi kupata kitu cha kumchangamsha. Msusi mwenyewe ni somo jingine: uso umeinama, macho yametazama chini, midomo imebana. Baada ya hapo nenda steji ya boda boda, mchana wateja wanapopungua na vijana wamezunguka ubao wa ludo. Wanaocheza hawatikisi kichwa isipokuwa wanapobishana. Wazee wanaocheza mweso (bao la Uganda) ni bora zaidi, kwani mweso una ukimya.

Ndani ya teksi ni pagumu. Gari linatikisika, na abiria wa mbele yako unamwona kisogo tu. Chora visogo basi. Shingo na masikio kwa nyuma ni vitu ambavyo wachoraji wengi hawavijui.

Omba ruhusa. Sema jambo zima kwa mara moja: "Mzee, habari za mchana. Ninajifunza kuchora sura za watu. Naomba nikuchore ukiwa unaendelea na shughuli zako, dakika 20 tu, halafu nitakuonyesha." Wengi watakubali, baadhi watauliza utawalipa nini, na hapo soda inasaidia. Akikataa, shukuru na uondoke. Usimchore kwa wizi ukiwa ng'ambo ya barabara. Mtoto, muulize mzazi wake. Askari kazini, vizuizi vya barabarani na maeneo ya kambi, achana nayo kabisa. Na ruhusa ya kumchora mtu si ruhusa ya kumweka mtandaoni, iombe kivyake.

Ukilazimika kutumia picha ya simu, usitumie selfi. Simu ikiwa karibu na uso, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, kwa hiyo utakuwa unajifunza sura ya simu. Simama mita mbili au zaidi, kisha vuta picha kwa zumu.

Wiki ya kwanza: kila kitu kiko wapi?

Wiki hii hakuna kivuli, hakuna kope, hakuna kufuta. Mistari tu.

Anza na fuvu. Chora duara jepesi, kisha ongeza taya chini yake. Piga mstari mmoja wima unaopita katikati ya uso, paji hadi kidevu. Mtu akigeuka kidogo, mstari huo hupinda kufuata mviringo wa uso, na kupinda huko ndiko kunakoonyesha kichwa kimeelekea wapi. Halafu piga mstari wa macho. Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote: macho yako katikati ya kichwa. Pima kutoka utosini hadi kidevuni, gawa kwa mbili. Tunayapandisha kwa sababu tunapozungumza na mtu tunatazama macho na mdomo, na sehemu yote ya juu ya kichwa akili inaihesabu kuwa nywele tu.

Utosi ninaousema ni wa fuvu. Mwenye afro, rasta zilizofungwa juu, kilemba au hijabu atakudanganya. Tafuta fuvu lilipo chini ya vile vitu, lichore kwa mstari hafifu, ndipo uweke nywele au kitambaa juu yake. Kwa aliyenyoa kipara, wiki hii ni rahisi, mtafute.

Vipimo vingine vya kuanzia ni hivi. Nywele zinapoanzia hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevu: vipande vitatu vinavyokaribiana. Mstari wa midomo inapokutana uko theluthi ya njia kutoka chini ya pua kwenda kidevuni. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Upana wa kichwa kwa mbele ni kama macho matano, na kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja. Kwa ubavu, kichwa kutoka mbele hadi kisogoni kinakaribia urefu wake, na sikio liko nyuma ya katikati. Wanaoanza hukata kisogo karibu wote.

Sasa vipime vipimo hivyo dhidi ya mtu aliye mbele yako. Vitabu vingi husema upana wa pua ni jicho moja. Pita sokoni Owino uhesabu pua ngapi zinatii kanuni hiyo. Nyingi ni pana zaidi, na midomo imejaa zaidi, na ukichora kwa kanuni utawapa watu wako nyuso za watu wengine. Kipimo cha kitabuni kinakuonyesha pa kuanzia kutazama, basi. Mtoto mdogo naye huvunja kanuni kwa njia yake: paji lake ni kubwa na macho yameshuka chini ya nusu. Ukiyaweka katikati utapata mtu mzima mfupi.

Namna ya kupima: nyoosha mkono mpaka kiwiko kisipinde kabisa, funga jicho moja, shika penseli wima. Ncha ya penseli iguse juu ya nyusi, kidole gumba kiteleze hadi chini ya pua. Umepata kipimo. Sasa, bila kukunja mkono, kipeleke chini ya pua na uone kidevu kinafika wapi. Ukikunja kiwiko katikati ya kazi, vipimo vyote vinakuwa uongo, na hutajua kwa nini.

Siku mbili za wiki hii chora kichwa kilichoinama au kilichoinuka. Mtu anapoangalia simu, masikio hupanda juu kuliko macho na uso unasongamana chini. Akitazama juu, masikio hushuka. Sheria hiyo moja itakuokoa na nyuso nyingi zilizobandikwa kama stika.

Wiki ya pili: mwanga unaanguka wapi?

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni hutumia watu weupe, na anayeyafuata neno kwa neno huishia kumchora mtu mweusi kwa njia mbili mbaya: ama anamwacha mweupe mwenye pua pana, ama anampaka 6B uso mzima hadi anabaki doa lenye macho.

Angalia kinachotokea hasa. Kwenye ngozi nyeupe, umbo la uso husomeka kwa vivuli: shavu linapozunguka, rangi inakuwa nzito polepole. Kwenye ngozi nyeusi sana, vivuli vipo lakini jicho haliwezi kuvitofautisha vizuri na rangi ya ngozi yenyewe. Umbo husomeka kwa mng'ao. Tazama paji la uso, mgongo wa pua na ncha yake, juu ya mfupa wa shavu, mdomo wa chini, kidevu. Kwa aliyejipaka Vaseline asubuhi mng'ao una kingo kali. Kwa ngozi kavu umetawanyika. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulinda sehemu hizo ukijua ziko wapi, kabla hujapaka weusi wowote.

Tengeneza ngazi ya viwango vitano pembeni mwa karatasi. Cha 1 ni karatasi tupu, cha 5 ni weusi wote ambao 6B inaweza kutoa. Kabla ya kuanza jiulize: ngozi hii, mahali pasipo mng'ao wala kivuli, ni kiwango cha ngapi? Mtu wa maji ya kunde huenda akawa 2 au 3. Mtu mweusi tii, 4. Kiwango cha 5 usikipe ngozi hata kidogo. Kitunze kwa tundu za pua, mstari wa kati ya midomo, ukope wa juu, nywele, na pale shingo inapoingia chini ya taya. Ukishakitumia mashavuni, huna kitu cheusi zaidi cha kuchorea jicho, na jicho litapotea.

Siku mbili za kwanza tumia viwango viwili tu, mwanga na giza, bila kulainisha. Fumba macho nusu mpaka maelezo madogo yapotee na ubaki na maumbo makubwa. Kata uso kwa maumbo hayo. Utashangaa: mtu anatambulika kwa maumbo mawili ya weusi, hajapata hata jicho.

Siku ya tatu leta karatasi ya kaki. Sasa kaki yenyewe ni rangi ya ngozi, penseli au mkaa ni kivuli, chaki ni mng'ao. Unagusa chaki mahali pachache, pengine pasipozidi sita kwenye uso mzima. Sheria yangu ni kwamba chaki na mkaa visikutane. Kati yao pawe na kaki kila mara. Vikigusana utapata kijivu cha maiti.

Kuhusu mwanga wenyewe: Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mchana jua linasimama utosini. Mashimo ya macho yanajaa giza, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo, hata malaika ataonekana jambazi. Chora nje kati ya saa moja na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Mchana, mkalishe mtu ndani, ubavu wake ukielekea mlango uliofunguliwa; zima taa. Kwenye baraza la mabati utaona jambo la kuvutia: ardhi nyekundu ya uani inarudisha mwanga kwa chini, ukimulika chini ya kidevu na chini ya pua. Mwanga huo wa kurudi uchore hafifu. Hata ukionekana mkali, bado uko ndani ya eneo la kivuli, na usiwe mweupe kuliko sehemu yoyote inayopigwa na jua.

Umeme ukikatika usilalamike, umepewa darasa. Mshumaa mmoja au taa ndogo ya sola upande mmoja wa uso hutoa mgawanyo safi wa mwanga na giza kuliko balbu ya darini.

Na wiki hii, kama uko Kampala, nenda ukachore sanamu. Mnara wa Uhuru katikati ya jiji, uliochongwa na Mkenya Gregory Maloba aliyefundisha Makerere na kuzinduliwa mwaka 1962, ni mama anayemwinua mtoto. Uchore asubuhi, urudi jioni. Kitu kilekile, vivuli vimehama upande. Sanamu haikufundishi ngozi, ila inakupa muda usio na mwisho wa kufuata mwanga.

Wiki ya tatu: viungo

Hii wengi huipenda mno, ndiyo maana nimeichelewesha. Siku moja kwa macho, moja kwa pua, moja kwa mdomo, moja kwa masikio, mbili kwa nywele, kisha ya kumbukumbu. Jaza ukurasa na kiungo kimoja kutoka kwa watu tofauti.

Jicho ni mpira uliofunikwa kwa ngozi. Chora mpira kwanza, vikope vipite juu yake. Ukope wa juu una unene na unaangusha kivuli juu ya jicho, hivyo weupe wa jicho si mweupe. Ni kiwango cha 2 juu, na mara nyingi huelekea manjano au kijivu. Mboni haionekani duara zima isipokuwa mtu ameshtuka: juu imefunikwa kidogo. Nukta ya mwanga ndani yake ni moja, upande unaotoka mwanga, na kwa macho yote mawili upande uleule.

Pua haina mistari ya pembeni. Anayechora mistari miwili kutoka nyusi hadi puani anachora bomba. Weka mng'ao wa mgongo na ncha, weka kivuli cha chini, weka tundu mbili kama vivuli laini vilivyolala, wala si nukta nyeusi. Pua itajitokeza.

Mdomo wa juu huinamia chini, kwa hiyo una giza. Wa chini hupokea mwanga. Wengi kwetu wana rangi mbili midomoni, wa juu mweusi na wa chini wenye wekundu, na hilo huongeza tofauti. Mstari muhimu ni ule wa kati, na sehemu yake muhimu zaidi ni pembe mbili za mwisho. Huko ndiko tabasamu liliko. Meno usiyatenganishe kwa mistari; yachore kama umbo moja, gusa kidogo tu kwenye fizi. Ila mwenye mwanya, mwachie mwanya wake, maana bila huo si yeye.

Nywele zilizonyolewa chini hazichorwi unywele kwa unywele: paka kiwango kimoja, halafu lainisha ukingo pale zinapokutana na paji. Ukingo mkali hugeuza nywele kuwa kofia. Kwa rasta, chora kwanza umbo zima na mwanga wake, kisha chagua chache za mbele uzifafanue.

Wiki ya nne: kasi na kufanana

Siku tatu za kwanza gawa dakika 20 kuwa sura nne za dakika tano. Biro pekee. Hakuna muda wa ukope. Utachukua mwelekeo wa kichwa, umbo la nywele, vivuli vya macho, basi.

Siku tatu zinazofuata, kabla ya kuchora, andika kwa maneno mambo matatu yanayomtofautisha mtu huyo na wengine. Mashavu yamepanda na macho yamezama. Taya pana kuliko paji. Shingo ndefu iliyosogea mbele. Kisha chora ukiyazidisha kidogo, kiasi cha yeye kutokasirika. Kufanana hakutoki kwenye kope zilizohesabiwa. Kunatoka kwenye tofauti hizo tatu zikiwa mahali pake. Jirani humtambua mtu kwa mbali, kabla hajaona jicho lake.

Kukagua, kila siku, dakika tano

Kengele ikilia, geuza mchoro juu chini, kisha utazame kwenye kioo. Taya iliyokwenda upande na jicho lililopanda huonekana mara moja, kwa sababu akili haijauzoea mchoro ukiwa hivyo. Kama ulipiga picha ya mtu huyo kutoka palepale ulipokaa, linganisha. Halafu andika kosa moja nyuma ya karatasi. Moja tu, la waziwazi: "sikio chini mno". Usiandike "haijatoka vizuri", haitakusaidia kesho.

Ukimwonyesha mtu mwingine, usimuulize kama ni nzuri. Watu wana adabu, watasema nzuri. Muulize, "Huyu nani?" Akitaja jina bila kusita, umefika. Akisema "anafanana na yule shangazi yako wa Jinja", muulize kipi kimemfanya aseme hivyo. Kundi la WhatsApp la wachoraji watano linafaa kwa kazi hii, mradi kila mchoro utumwe pamoja na swali la wiki. Bila swali, kundi hugeuka la kupongezana.

Siku ya 30 na baada yake

Mchore mtu wa kwanza. Ukishamaliza, ndipo utoe mchoro wa siku ya 1, uviweke sambamba, upitie pia yale makosa uliyoandika nyuma ya karatasi zote. Yapange kwa mafungu. Fungu kubwa kuliko yote ndilo swali lako la mwezi ujao. Ukikuta nusu ya karatasi zinalia kuhusu shingo, mwezi ujao ni wa shingo. Tembelea pia Nommo Gallery pale Nakasero, iliyoanzishwa mwaka 1964, na maonyesho ya shule ya sanaa Makerere. Usitazame kazi nzima, tafuta tu jinsi mchoraji alivyomaliza tatizo lako.

Kufikia hapo, huenda watu wameanza kukuomba kazi, na mara nyingi ya kwanza ni picha ya marehemu, kutoka kwenye picha ndogo ya kitambulisho. Picha hizo hupigwa kwa mwanga wa mbele unaofuta maumbo yote, kwa hiyo omba familia ikupe picha nyingine mbili au tatu, hata za harusi ambamo yuko nyuma ya watu. Mwite ndugu anayefanana naye, mkalishe mlangoni, uone mwanga unavyoanguka kwenye mifupa ya ukoo huo. Onyesha mchoro wa awali kabla ya kuweka vivuli vizito. Mjane atakuambia kitu kimoja kuhusu nyusi ambacho hakiko kwenye picha yoyote. Kubaliana bei mwanzoni na uchukue nusu. Ikiisha, nyunyiza dawa ya kushikisha penseli. Spreyi ya nywele hutumiwa na wengi, ila huweza kugeuza karatasi kuwa ya manjano baada ya muda, hivyo ijaribu kwanza kwenye kipande. Na fremu iwe na nafasi kidogo kati ya kioo na karatasi, la sivyo mkaa utahamia kwenye kioo.